Skoo ya dodoso la maindifulnesi: watu wanavyodhani na ukweli ulivyo

Siku hizi Dar ukienda semina ya kazini, iwe Posta iwe Masaki, usishangae ukipewa dodoso la maindifulnesi ujaze, na kwenye simu ndo yapo kibao. Maindifulnesi kwa kifupi ni akili yako kuwa pale pale ulipo, unaona kinachopita kichwani na mwilini bila kukihukumu. Unajaza, unapewa namba, halafu watu wanaichukulia kama presha iliyopimwa na mashine. Hili jambo linaniuma kwa kweli, maana kuna watu wanajiona wabovu bure kwa sababu ya hiyo namba na kuna wanafunzi wanaandikia ripoti nzima bila kujiuliza wamepima nini.

Dhana: dodoso linaingia kichwani na kupima umakini wako.

Hapana, linapima unavyojiona wewe mwenyewe. Chukua lile linaloitwa MAAS, la watafiti Brown na Ryan, la mwaka 2003: maswali 15, unajibu 1 mpaka 6, na yote yanauliza upande wa kutokuwa makini, kama vile unatafuna kitu bila kujua kwamba unakula. Ukisema hali hiyo haikupati kabisa ndo skoo inapanda. Sasa mtu ambaye akili yake inazurura kutwa nzima atajuaje kama inazurura? Mtu katoka Mbagala mpaka Kariakoo anawaza kodi ya nyumba njia nzima, jioni ukimuuliza atakwambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba yeye yuko makini, na wala hadanganyi, ni kwamba kule alikokuwa hakukuona.

Dhana: skoo ikishuka baada ya mazoezi, mazoezi yamefeli.

Sio lazima. Mtu akianza kukaa kimya anafuatilia pumzi zake ndo kwanza anagundua akili inavyoruka, kwa hiyo safari hii anajibu kwa ukweli zaidi na namba inashuka wakati yeye anapiga hatua. Na ikipanda nako usikimbilie kushangilia. Mwaka 2016 Goldberg na wenzake, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio ambalo kundi moja lilipata kozi ya MBSR, yaani ya kupunguza msongo wa mawazo kwa maindifulnesi, ile aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979, na kundi lingine likafundishwa mambo ya afya kama lishe na mazoezi ya mwili, bila kutafakari kokote. Skoo zilipanda kwa makundi yote mawili, tena kwa kiasi kilekile! Yaani inawezekana kinachopanda ni ile nafuu ya kujisikia vizuri na kuwa na watu wanaokujali, sio maindifulnesi yenyewe.

Dhana: jumlisha tu kila kitu upate namba moja. Hili lipo sana kwenye ripoti za vyuo. Dodoso lingine, FFMQ ya mtafiti Ruth Baer na wenzake, ya 2006, ina maswali 39 na pande tano: kuangalia, kueleza, kutenda ukiwa makini, kutojihukumu, na kutokurupuka. Huo upande wa kuangalia una mambo yake, kwa watu wasiofanya meditesheni ulionekana kwenda pamoja na dalili mbaya za kisaikolojia badala ya kuzipunguza, na ukifikiria unaelewa, maana mwenye wasiwasi mwingi naye anasikiliza moyo wake unavyodunda saa zote. Ukijumlisha yote unaficha hilo.

Dhana: limeshathibitishwa huko nje, hapa ni kutafsiri tu. MAAS ina swali la kuendesha gari bila kufikiri halafu unashangaa kwa nini umeenda huko, na mwenzangu anapanda mwendokasi kila siku, ajibu nini? FFMQ inauliza kuhusu upepo kwenye nywele na jua usoni. Dada aliyejifunga hijabu vizuri upepo wa nywele ataupata wapi, na jua la Januari pale Kariakoo nani asilisikie? Halafu watu wanaonyesha alfa, ile namba ya kitakwimu ya kupimia dodoso, ya 0.8 wanaona wamemaliza, wakati alfa inasema tu kwamba majibu ya maswali yanakwenda pamoja, haisemi yanapima kitu gani.

Kuna wanaoenda upande wa pili wanasema basi madodoso yatupwe. Nako hapana, mtu ndiye mwenye habari za ndani yake, ila tuongeze kipimo kingine pembeni. Levinson na wenzake, 2014, walitumia kuhesabu pumzi: pumzi ya kwanza mpaka ya nane unabonyeza kitufe kimoja, ya tisa unabonyeza kingine, na ukipotea hesabu kompyuta inaona hata kama wewe hujaona. Pia unaweza kumtumia mtu swali kwenye simu mara kadhaa kwa siku, sasa hivi akili yako iko wapi, badala ya kumuuliza kwa ujumla yukoje.

Kwa wanafunzi, andikeni wazi kwenye ripoti kwamba mmepima maindifulnesi ya kujiripoti, na mtoe skoo za kila upande. Na maafisa rasilimali watu, nawaomba sana msiyatumie madodoso haya kuchujia waombaji kazi, mtu mwenye shida ya kazi anaona kabisa jibu gani linatakiwa na ndo hilo atakalojaza.