Altaneta haichaji? Usikimbilie kununua mpya

Taa nyekundu ya volteji ndogo ikiwaka kwenye Cessna 172, wenye ndege wengi cha kwanza wanaagiza altaneta (mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri), bei yake sio mchezo, halafu inafungwa mpya na taa bado inawaka vilevile. Sisi upande wa ufundi tunaanzia kwenye swichi ya masta, yaani swichi kuu ya umeme, ile ya vipande viwili, BAT ya betri na ALT ya altaneta, maana kwenye ndege za zamani hiyo ndo inasumbua sana.

Iko hivi. Altaneta haizalishi kitu mpaka ipelekewe umeme kidogo wa kuamsha sumaku yake, na huo umeme unatoka kwenye basi (njia kuu inayogawa umeme wa ndege), unapita breka ya ampea 5 (inayojikata umeme ukizidi), swichi ya ALT, regyuleta (kifaa cha kudhibiti volti), ndo unaifikia kwa waya mwembamba. Ndo maana betri ikifa kabisa, hata injini iwashwe kwa kuzungusha propela kwa mkono, altaneta haichaji. Sasa swichi ikichoka ndani, volti zinapotea njiani, regyuleta inadhani umeme umepungua, inaongeza, inapunguza, mshale wa ammita (kipimo cha mkondo wa umeme) unacheza tu kushoto kulia.

Fundi wako mwenye leseni azime magneto (vifaa vinavyotoa cheche za injini), injini imelala, masta ON pande zote mbili, apime kwenye basi halafu pale waya unapoingia regyuleta. Tofauti ikifika nusu volti kuna kitu kinakula umeme hapo katikati, afuate kipande kwa kipande. Ule waya mwembamba auvute kidogo pia, nje unaonekana mzima kumbe mtetemo umeshaukata ndani ya plastiki. Na mkanda unaozungusha altaneta usiwe umelegea, hilo la dakika moja.

Taa ikiwaka ukiwa unatembea taratibu ardhini, injini inazunguka polepole na mataa yote yanawaka, usihofu, ongeza mzunguko wa injini taa itazima, mfumo wa volti 28 usome karibu na hapohapo. Ila ukisikia mluzi kwenye hedifoni unapanda na kushuka na injini, shuku daiodi (vipande vya ndani ya altaneta vinavyonyoosha umeme wake), hapo kweli altaneta ifunguliwe.

Altaneta ikigoma angani injini haizimi, magneto zinajitegemea. Breka ikiruka irudishe mara moja tu, zima ALT uwashe tena, ikigoma iache imezimwa, punguza vinavyokula umeme, utue kiwanja cha karibu. Flapu (vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) za 172 nyingi ni za umeme, ukizishusha zote halafu betri ikakata, hazirudi juu hata ukitaka kupaa tena.