Dawa za kukata hamu ya kula: mzani unashuka, moyo je?

Wanaotaka kupungua hutuuliza kwanza: "Hii dawa inafanya kazi?" Nyingi zinafanya kazi. Hata zilizokuja kuondolewa sokoni zilikuwa zinapunguza uzito kweli, ndiyo maana zilinunuliwa sana. Madhara yake ndiyo yaliyochelewa kujulikana.

Chukua fenfluramini. Ilikuwa inaongeza serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe mwilini, kwenye ubongo, mtu akashiba mapema. Mwaka 1997 madaktari wa Marekani walieleza habari za wanawake 24 walioitumia pamoja na fentamini, dawa nyingine ya kukata hamu, ambao vali za moyo (milango ya kupitisha damu) zilikuwa zimekuwa nene na kuvuja. Kumbe vali nazo zina vipokezi vya serotonini, yaani sehemu zinazoipokea, na dawa ilikuwa inavichochea. Septemba ya mwaka huohuo ikaondolewa. Rimonabanti iliruhusiwa Ulaya mwaka 2006, ikasimamishwa 2008 kwa sababu ya sonona na mawazo ya kujiua.

Sibutramini ndiyo inayotutia wasiwasi hadi leo. Utafiti wa watu wapatao 10,000, wengi wao wagonjwa wa moyo, ulionyesha kwamba inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka 2010 ikatolewa Ulaya na Marekani. Lakini maabara za udhibiti zimeendelea kuikuta ndani ya chai na vidonge vya kupunguza unene, huku lebo ikitaja majani na mizizi tu. Ukinywa kitu "cha asili" kisha mdomo ukakauka, moyo ukaenda mbio na usingizi ukapaa, acha mara moja, umpelekee daktari au mfamasia pakiti yenyewe. Mwenye presha asisubiri dalili hizo.

Sindano mpya, kama semaglutidi, ni habari nyingine. Zinaiga homoni ya utumbo inayoleta shibe, na chakula hukaa tumboni muda mrefu zaidi. Katika utafiti wa wiki 68, waliochomwa walipungua karibu asilimia 15 ya uzito, wenzao wa sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Mwaka 2023 utafiti mwingine, wa wagonjwa wa moyo zaidi ya 17,000 wenye uzito mkubwa na wasio na kisukari, ulionyesha matukio makubwa ya moyo na kiharusi yakipungua kwa asilimia 20. Hapo kabla, dawa za kupunguza uzito zilikuwa zinaogopwa kwa kuudhuru moyo.

Hata hivyo si za kuazimana. Kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo ni kawaida, hasa dozi ikipandishwa haraka. Mawe ya nyongo hutokea pia. Haifai kwa mjamzito, na anayepanga mimba aache semaglutidi angalau miezi miwili kabla. Ajue pia kwamba waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopoteza.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia, kwa hiyo nunua kwa cheti cha daktari, famasi iliyosajiliwa. Na ukiwa kwenye sindano hizi, maumivu makali ya tumbo yasiyokoma, yanayopenya hadi mgongoni, yanaweza kuwa ya kongosho: usichome dozi inayofuata, nenda hospitali siku hiyohiyo.