Stata ikigoma si lazima iwe imekufa

Wengi huamini kwamba stata (mota ya umeme inayowasha injini) ya pikipiki ya zamani ikianza kuzunguka kwa uzito, basi imekwisha na dawa yake ni kununua mpya. Mara nyingi si kweli, na inaniuma kuona stata nzima ikitupwa kwa sababu ya vipande viwili vya kaboni.

Kwanza pima betri huku ukibonyeza stata. Kwa betri ya volti 12, volti zikishuka chini ya 9 hivi, shughulika na betri na nyaya zake kabla ya kugusa kingine.

Betri ikiwa nzima, fungua stata, ukiweka alama kwenye mifuniko na kukumbuka mpangilio wa washa (vile vibati vya duara vyenye tundu). Ndani utakuta vumbi jeusi: ni kaboni iliyosagika. Brashi, yaani vile vipande vya kaboni, zikiwa fupi, springi haziwezi tena kuzikandamiza kwenye shaba iliyozunguka shafti, na umeme unakatikakatika. Badilisha brashi, kisha sugua shaba kwa msasa laini hadi ing'ae. Mifereji kati ya vipande vya shaba nayo ikwanguliwe taratibu, maana uchafu ukijaa humo umeme huvuka pasipotakiwa.

Halafu pima kwa mita ya umeme: kati ya shaba na shafti umeme usipite kabisa. Ukipita baada ya kusafisha, ganda la kuzuia umeme kwenye waya za ndani limeharibika, na hapo ndipo stata mpya inahitajika kweli.

Na tafadhali usiigonge kwa nyundo. Sumaku zake nyingi ni za kauri, hupasuka.