Je wajua kwa nini mmoja akigoma daladala nzima inaamka?

Juzi usiku mvua inanyesha nimepanda daladala, konda anapita anakusanya kaongeza mia mbili juu, na nauli yenyewe imebandikwa mlangoni kila mtu anaiona. Watu kimya, wanatoa. Na mimi nikatoa, sijifanyi shujaa hapa. Mpaka mama mmoja wa siti ya nyuma, ana ndoo yake ya samaki, akasema "wee konda, mia mbili ya nini hiyo?" Weeee, gari zima likaanza kudai chenji, hata waliokuwa wamesinzia.

Sasa kwa nini tulimsubiri yule mama?

Miaka ya 1950 huko Marekani mwanasaikolojia Solomon Asch alifanya jaribio dogo tu. Anamkalisha kijana na wenzake, wanaonyeshwa mstari mmoja afu mingine mitatu, useme upi unalingana nao, kitu hata mtoto wa chekechea anapata. Kumbe wale wenzake wamepangwa, wanataja jibu la uongo mmoja baada ya mwingine kwa sauti bila hata kucheka. Basi kama robo tatu ya waliojaribiwa waliufuata ule uongo walau mara moja, na macho wanayo! Ila wakiambiwa waandike jibu pembeni bila kusikika, wengi wanaandika sahihi. Maana yake walikuwa wanaona fresh tu, waliogopa kuonekana wa ajabu.

Utamu uko hapa. Asch akaingiza mtu mmoja tu anayesema ukweli, kufuata mkumbo kukashuka mpaka kama robo ya ilivyokuwa. Na hata huyo mmoja akikosea jibu, ilimradi kapishana na kundi, bado mwingine anapata nguvu ya kusema anachokiona yeye. Kwa hiyo wala huhitaji kuwa msomi au kuwa na majibu yote, ukivunja tu ule ukimya wengine wanagundua kumbe hawako peke yao.

Ndo maana mtu akiniambia "mimi wa kawaida nitabadili nini" naona kapiga hesabu vibaya. 1989 serikali ya Kenya ilitaka kupandisha ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma pale Nairobi, mwanamazingira Wangari Maathai akaanza na barua tu za kupinga. Alikuwa profesa sawa, lakini bungeni walimcheka yeye na wenzake eti kundi la wanawake walioachika, afu akatimuliwa na ofisini, kwa hiyo sisemi ni bure, inauma. Ila barua zikafanya na wengine waanze kuuliza, wafadhili wakajitoa, ghorofa halikujengwa.

Konda wetu alirudisha mia mbili mbili huku kanuna. Yangu niliipata, na yule mama akashuka Buguruni na ndoo yake hata asante sijampa.