Neap kwa Kiswahili ni maji mafu

Mpwa wangu wa Jambiani alipewa maneno kumi ya Kiingereza ayatungie sentensi. Moja lilikuwa neap, linalotamkwa "niip". Akaandika: "I saw a neap tide." Sarufi haina kasoro. Lakini lifute neap, weka big au bad, na sentensi inasimama vilevile, kwa hiyo haijatuonyesha maana ya neno.

Nikamuuliza, "Maji mafu unayajua?" Akacheka. Mama yake analima mwani, atakosaje kuyajua?

Basi neap tide ndiyo maji mafu. Mwezi ukiwa nusu, mnamo tarehe 7 au 8 ya mwezi wa Kiislamu na tena kwenye 22 hivi, jua na mwezi huivuta bahari kwa pande zilizopishana, nguvu za mmoja zikipunguza za mwenziwe. Maji hujaa kidogo, hupwa kidogo. Kinyume chake ni bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Wakati wa bamvua, Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, nayo ya maji mafu huwa kama mita 1 tu.

Tukaandika upya: "During the neap tide my mother stays at home, because the water does not go down far enough for her to reach her seaweed." Mzigo wote umebebwa na because. Asiyewahi kuliona neno hili atakisia kwamba ni maji yasiyopwa sana. Na ni kweli tupu: siku hizo vigingi vya mwani havionekani, na akienda maji yanamfika kiunoni.

Neno hili lina kitenzi pia, nacho ndicho ninachokipenda zaidi. Chombo kilichopanda mchangani kwa maji ya bamvua kisha maji yakapungua, kikakwama, Waingereza husema kiko neaped. Kiswahili kinahitaji maelezo marefu kulisema hilo, ingawa mtu wa Nungwi ameshaliona mara nyingi. Sentensi yake itaje mwezi na muda wa kungoja: "The boat came up the beach on the full-moon tide and lay neaped there for two weeks." Wiki 2 hizo ndizo za kusubiri bamvua nyingine.