Je, wajua kwa nini mfungwa hupewa kinyago akipake rangi ndani na nje?

Mfungwa huwa ameshasimulia kisa chake kwa polisi, wakili, hakimu na wenzake wa selo. Kila aliposimulia alikichonga kidogo, hadi kikawa laini, hakina pa kushika. Lakini mkono wake haujakariri kitu, na hapo ndipo tiba ya sanaa, yaani kumsaidia mtu kueleza ya moyoni kwa kuchora na kupaka rangi, hupata upenyo. (Jina hilo lilianza kutumiwa mwaka 1942 na mchoraji Mwingereza Adrian Hill, aliyeonja faida ya kuchora alipokuwa akiugua kifua kikuu.)

Kikundi kiwe cha watu 6 hadi 8, kikao dakika 90. Dakika 10 za mwanzo ni za mistari ovyo, mkono ulegee. Kisha kila mmoja hupewa kinyago cheupe cha karatasi: nje achore anavyoonwa na watu, ndani anavyojijua. Nje hujaa upesi, nyusi zimekunjwa, meno nje. Ndani huweza kubaki peupe muda mrefu, na mtu asiharakishwe. Anayejiita "mwizi" hukosa la kuchora kwa sababu jina hilo limemeza mengine yote. Akichora humo hata randa ya useremala, kuonyesha kwamba yeye pia ni fundi, ameanza kutenganisha alichotenda na alivyo. Anayesema "nimefanya ubaya" anaweza kurekebisha; anayesema "mimi ni mbaya" hujificha au huja juu.

Tena, gerezani kuonyesha udhaifu ni hatari. Picha humwachia mtu pa kutokea: akibanwa husema, "Ni picha tu."

Penseli zihesabiwe mbele ya wote, kabla na baada. Mkasi usiingie, picha za magazeti zikatwe mapema. Chaki za mafuta zinafaa kuliko penseli na kifutio, maana anayefuta kila mstari hamalizi kitu.

Kinachoharibu zaidi ni mtaalamu kujifanya mpiga ramli: "Nyeusi hii ni hasira." Huenda ndiyo rangi pekee iliyobaki! Aulize, "Huyu anatazama nini?" Kusifu uzuri nako hunyamazisha wasiojua kuchora. Wala asiahidi siri kamili: tishio la kudhuru mtu huripotiwa, na hilo lisemwe siku ya kwanza.

Kazi isianikwe ukutani bila ridhaa ya mwenyewe. Akitaka kukivunja kinyago chake, akivunje kikaoni, mtaalamu akiwepo, asikipeleke selo.