Kumkalisha mbele hakutoshi jamani

Juzi tena. Mama kaja na binti yake mwenye ualbino, kamaliza la saba, kapangiwa fomu wani shule ya kata, na mkuu wa shule kashamtuliza: "usijali mama, tutamkalisha mbele". Hii kauli nimeichoka.

Macho ya mtoto huyu yanachezacheza na katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, hakujakomaa, ndo maana hata miwani haimalizi tatizo. Dawati la kwanza bado wengi mwandiko wa ubaoni hawausomi! Tena dawati lenyewe likiwa karibu na dirisha mwanga unampiga usoni, ubao unang'aa, bora hata angekaa nyuma penye kivuli. Mie huwa naenda kukaa hapo mwenyewe saa nne asubuhi niangalie jua linaingilia wapi, ndo tuchague kiti, na awe huru kuinuka kuusogelea ubao bila kuzomewa.

Halafu lugha. Hili ndo linaniuma kuliko yote. Primary akiona "mwanafu" tu anajua ni mwanafunzi, anajazia mwenyewe, miaka saba kaishi kwa kujazia. Sekondari ubao wote Kiingereza, walimu wanapishana kila kipindi, hana cha kujazia, ananakili makosa na mnamwita mzito. Si mzito! Mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika, ampe notsi kabla ya kipindi, haigharimu kitu.

Kofia, mikono mirefu, mafuta ya jua, mnajua. Mtihani asajiliwe mapema kama mwenye uoni hafifu apate karatasi ya maandishi makubwa na muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa hisabati, 10 masomo mengine. Na kusogeza kitabu puani hakuharibu macho, acheni kuwagombeza.

Bweni la shule yenye kitengo cha elimu maalumu je? Hapo nasitasita. Mwalimu wa elimu maalumu yupo, lakini nimekuta watoto wa uoni hafifu wamefundishwa breli, yale maandishi ya nukta ya kupapasa kwa vidole, na wanaisoma kwa macho, lensi ya mkononi tu ingewatosha. Kuna niliowashauri bweni wakafaulu vizuri, kuna waliorudi nyumbani wamenyong'onyea, na mpaka leo siwezi kuwatambua mapema ni yupi atakuwa yupi.

Mama huyu nimemwambia tuanze na shule ya kata. Jumatatu saa nne tunaenda wote watatu, binti akae, atuambie mwenyewe anaona nini.